Kimeo cha Saady

Shadia hakumwita tena mama mkwe wake "Mama". Siku hiyo alimwita Bi Faudhia, mbele ya watu waliojaa kwenye benchi la hospitali, kwa sauti ya kufika hadi getini.

"Nilikwambia nini, Bi Faudhia, kabla sijapeleka vitenge Kibondo? Nilisema mtoto akitapika, hospitali! Sikusema wembe!"

"Nimelea saba mie," Bi Faudhia akajibu, uso ameukunja. "Mtoto akitapika ni kimeo. Wewe udaktari umeusomea wapi? Sokoni?"

Mansuri, mume wa huyu na mwana wa yule, alitazama viatu vyake. Alikuwa mwanamume wa kupatanisha watu kwa kunyamaza, na hakuwa amemfaa yeyote.

Saady, mtoto wao wa miaka mitatu, alizaliwa na ugonjwa ambao si wa kila siku: njia ya maji katikati ya ubongo wake ilikuwa imeziba. Alipokuwa mchanga aliwekewa mrija chini ya ngozi, wa kutoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Sasa mrija ulikuwa umeziba, na kutapika ndiko kulikokuwa dalili yake. Bibi yake akambeba hadi kwa mkata vimeo, kile kinyama cha kooni kikakatwa, kisha wakakaa nyumbani kungoja apone. Shadia aliporudi alimkuta mwanawe amelegea, macho yameteremka, hamjui mtu.

Bahati pekee ilikuwa kambi ya madaktari bingwa iliyokuwa Kasulu wiki ile. Dokta Ndayisenga, mpasuaji wa ubongo, aliwaita pembeni.

"Sitaki kuweka mrija mwingine. Ukiziba tena mimi niko mbali, mtanikosa. Nitapitisha kamera nyembamba hadi kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, nitoboe sakafu yake, maji yajipatie njia. Chini ya sakafu hiyo kuna mshipa mkubwa wa damu. Nikiugusa, tumempoteza."

"Tukashauriane kwanza na wazee," Mansuri akasema, akimtazama mama yake.

"Mpasue, dokta," Shadia akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Wakamwingiza. Muda si mrefu muuguzi akatoka mbio kutafuta mpira mwembamba zaidi wa kupumulia. Koo la mtoto lilikuwa limevimba na kuvuja damu pale kimeo kilipokatwa, na mpira wa kawaida ulikataa kupita. Shadia alisikia kila neno. Alimgeukia Bi Faudhia, na chuki iliyompanda ilimtisha mwenyewe.

"Toka. Kakae nje ya geti. Akifa, nisikuone msibani."

Bi Faudhia alikusanya kanga yake akatoka. Mansuri aliinuka nusu, akakaa tena.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi Dokta Ndayisenga alipotoka, amechoka, anatabasamu. Mpira ulipita, sakafu ilitobolewa, mshipa haukuguswa. Saady alipozinduka, Shadia alikuwa amemwinamia, machozi yakimtiririka, anangoja kuitwa.

Mtoto alimtazama. Akazungusha macho chumba kizima, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Bibi yuko wapi?"

Shadia alijifuta machozi. Ilimuuma kuliko matusi yote ya siku ile. Halafu akatembea hadi getini, ambako mwanamke yule alikuwa amekaa chini kwenye vumbi.

"Anakuita," alisema bila kumsalimu. "Njoo. Lakini mikono yako iweke nyuma."