Leo Pasta Amemgonga Nani?

Kila alfajiri Pasta Emorut aliingia kwenye kanisa lake la mabati pale Adungosi, akawasha kipaza sauti na kuwapa watu Neno la Asubuhi. Hakuna aliyemwomba. Alizungumza juu ya subira, juu ya ndoa, juu ya kukua kiroho, nao walimsikiliza huku wakikamua ng'ombe au wakipuliza moto wa chai. Lakini tusidanganyane: wengi walikuwa wakitafuta jina. Pasta hakutaja mtu hata siku moja. Alisema tu "kuna mtu fulani kati yetu", na kabla chai haijachemka kijiji kilikuwa kimeshampata huyo fulani. "Leo Pasta amemgonga nani?" ndiyo iliyokuwa salamu ya asubuhi. Pasta alilijua hilo, na alilipenda. Kumgonga mtu kwa mafumbo ni kazi nyepesi kuliko kwenda kubisha mlangoni kwake.

Jumatatu, kabla ya jua kutoka, alimkuta Dancan kwenye mfereji wa kanisa akiosha gambuti zake za mpira. Dancan alikuwa mwenyekiti wa vijana wa boda boda, mtu wa pikipiki na viatu safi. Siku hiyo gambuti zake zilijaa tope jeusi la mtoni, na begani alikuwa na kamba ya ng'ombe. Wakasalimiana. Dancan akaangalia pembeni. Baadaye kidogo habari zikaja kwamba ng'ombe wa Mama Apeduno, mjane asiye na mwingine, amevushwa mto kwenda Uganda.

Pasta alielewa yote papo hapo, kisha akakaa kimya. Dancan alikuwa mwepesi wa kupiga, na vijana wake walikuwa wengi. Zaidi ya hayo, ndiye aliyembeba Pasta kila mara alipoitwa kuhubiri mazishini Amukura. Kwa hiyo Jumatano Pasta akakimbilia kipaza sauti.

"Kuna mtu kati yetu anayeamka kabla yetu sote," akanguruma. "Gambuti zake zina tope la mtoni. Anakula na sisi huku anatumaliza. Ndugu zangu, mpaka lini tutamvumilia?"

Akarudi nyumbani mwepesi moyoni, akaomba chai. Hata kikombe hakijafika nusu, Akwii akaingia mbio, bila viatu. Mumewe, Okwakol, alikuwa mchimba mchanga.

"Pasta, wanaua bwana yangu! Wanasema ni wewe umemtaja!"

"Mimi? Mimi sijataja mtu!"

"Nani mwingine hapa ana tope ya mto kila siku? Nani, Pasta?"

Chai ikamwagika. Okwakol alishinda mtoni kutwa kucha, na hakuna aliyewahi kumwona bila tope. Pasta hakuwa amemfikiria hata kidogo. Alikuwa akiyasikiliza maneno yake mwenyewe yalivyopangika vizuri.

Alikimbia hadi mbele ya kinu cha unga. Umati ulikuwa umejaa, na katikati Okwakol alikuwa amelala kifudifudi, shati limechanika, damu inamtoka mdomoni na kuchanganyika na pumba za mahindi. Mtu mmoja alimpiga kwa mpini wa jembe mgongoni, na mlio wake ulikuwa ule wa mfupa. Mwingine akaruka na kumkanyaga mkono. Tairi lilikuwa limeshavingirishwa hapo. Aliyeshika chupa ya petroli, aliyepiga kelele kuliko wote, alikuwa Dancan.

"Wacheni!" Pasta akapenya kwa viwiko. "Si yeye!"

"Pasta, si umesema wewe mwenyewe?" akauliza mwenye jembe. "Sote tumesikia. Kama si huyu, basi tuambie ni nani."

Mpini ukabaki hewani. Pasta akamtazama Dancan, na Dancan akamtazama yeye, jasho likimtiririka. Jina moja tu, na tairi lingepata shingo nyingine. Watu hawa wasingengoja polisi wala chifu. Pasta alimwogopa Dancan na sasa alimchukia pia, lakini kumtia mtu wa pili motoni hakuweza.

Akajitupa juu ya Okwakol, akamfunika.

"Nilikuwa najisema mimi," akasema. "Ni mimi nimeuza ng'ombe wa Mama Apeduno."

Kicheko kikatoka, kikakatika. Jiwe likampata Pasta nyuma ya sikio. La pili likampasua paji la uso. Mtu akamnyang'anya Dancan chupa na kuwamwagia wote wawili petroli, kisha akamtupia Dancan kiberiti.

"Mwenyekiti, washa!"

Dancan akatoa njiti. Akaikwaruza kwa nguvu, ikavunjika. Akatoa nyingine, ikaanguka.

"Washa basi," Pasta akamwambia, petroli ikimchoma macho. Dancan hakuiokota.

Hapo Mama Apeduno akasogea na fimbo yake ya kutembelea. Alimpiga Pasta begani, kichwani, mikononi, akilia kwa kila pigo. "Nilikupatia maziwa! Kila Jumapili nilikupatia maziwa!" Alipiga hadi fimbo ikavunjika, akaketi chini na kulia kama mtoto.

"Chukua ng'ombe wangu, mama," Pasta akasema. "Yuko nyumbani. Mchukue leo."

Mama mzee aliyekaa mavumbini akilia aliwavunja watu nguvu. Walianza kuondoka mmoja mmoja, wakikwepana macho, na mwenye jembe akaondoka akiufuta mpini wake kwa majani.

Dancan ndiye aliyewabeba kwa pikipiki yake hadi hospitali, Okwakol katikati, Pasta nyuma akimshikilia asianguke.

Jioni Okwakol alilala na mkono kwenye plasta na taya limevimba. Pasta aliketi kando yake, kichwa kimefungwa bendeji.

"Kumbe ni wewe," Okwakol akanong'ona. "Na mimi nilikuwa nakuita baba wa kiroho. Lakini ile tope, Pasta. Wewe mtoni unaendea nini?"

Pasta akainua macho. Dancan alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi. Hapakuwa na kipaza sauti wala umati.

"Dancan, ingia," akasema. "Nilikuwa nakusema wewe. Ng'ombe ulimvusha wewe, nami nilikuona Jumatatu ukiosha gambuti. Kesho tutaenda kwa chifu, wewe na mimi."

Dancan hakubisha. Aliketi kwenye sakafu, akafunika uso kwa mikono miwili.

Okwakol aliwatazama wote wawili kwa jicho lake lililobaki wazi.

"Pasta," akasema, "ungemwambia hivyo Jumatatu, leo ningekuwa na meno."