Lengalenga Bila Chumvi

Minye, mimi Clotilde, kinywa changu hakina mlango. Mama yangu alinisema hivyo nikiwa mdogo, Lambert bwana yangu ananisema hivyo mpaka leo, na minye nilikuwa nacheka tu. Sasa sicheki tena.

Ilianza na lengalenga, mchicha wetu. Parseli yetu, kiwanja chetu hapa Likasi, si kubwa, lakini mvua ikiisha lengalenga inajaa mpaka mlangoni, na majani ya boga yanapanda ukuta. Ukila yote sasa, mwezi wa kumi utakula bukari, yaani ugali, na machozi. Kwa hiyo tunakausha. Kabedi, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha: unachemsha maji, unatia chumvi ya kutosha, unachovya majani kidogo tu, unatoa, unayaacha yachuje, ndipo unayatandaza kwenye kikwembe, kitambaa cha kitenge, juu ya mabati. Mabati ya jiko lake yako chini, mikono inafika. Miaka sita tulikausha pale kwenye kikwembe chake, mboga yangu upande huu, yake upande ule, soga katikati. Rafiki mwingine wa namna ile sina.

Mwaka huu chumvi iliniishia. Duka liko hatua hamsini tu! Uvivu, bwana. Nilichovya majani kwenye maji matupu nikasema, aka, jua litafanya kazi.

Wiki tatu baadaye nafungua mfuko: majani yametobolewa yote, mengine yamebaki unga, na wadudu weusi wanatembea humo kama wako kwao. Sisi wa Katanga wadudu tunawaita bilulu.

Hasira ilinipanda. Chumvi sikuikumbuka hata kidogo. Nilitoka na mfuko, nikasimama kwenye ukuta, nikapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Kabedi! Bilulu bimetoka kwenu! Kikwembe yako njo imeleta bilulu! Birudi kwenu!"

Kabedi alikuwa uani anachambua karanga. Mikono yake ilisimama. Aliniangalia. Afadhali angenitukana. Alikusanya karanga zake, akaingia ndani, akafunga mlango, mchana kweupe na joto lote lile.

Hapo ndipo niliposikia nilichosema.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa, acha nieleze. Kabedi ni Mukasai, asili yake mkoa wa Kasai. Babu yake aliletwa huku kufanya kazi ya migodi, baba yake alizaliwa hapa, yeye mwenyewe alizaliwa hapa. Mwaka wa tisini na mbili, tukiwa watoto, familia za Kasai zilifukuzwa kwenye nyumba zao. Zililala kwenye gare, kituo cha treni, wiki na wiki, zikingojea treni ya kupelekwa Kasai; wengine, kama Kabedi, walirudi huku baadaye. Na jina walilopewa ni hilo hilo. Bilulu. Birudi kwao. Kabedi alifiwa na mdogo wake pale pale gare. Alinisimulia mwenyewe siku moja tukigeuza mboga, na minye niliinama, nikajifanya natafuta majani mabovu.

Maana nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulienda gare kuangalia watu, tukiimba lile jina na kupiga makofi. Hakuna mkubwa aliyenituma. Nilienda kwa miguu yangu, na kesho yake nilienda tena.

Jioni Lambert alirudi kutoka kazini, machimbo ya Kakontwe, vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia yote ya mchana, ya gare sikuyagusa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Lakini weye si ulisema wadudu tu? Enda umweleze."

Nimweleze nini, jamani? Kinywa kilisema wadudu, ni kweli. Lakini ile sauti niliijua. Ilikuwa sauti yangu ya gare, haikuzeeka hata siku moja. Niliona haya.

Siku tatu mabati ya Kabedi yalikaa matupu. Siku ya nne nilipiga hodi, mfuko wangu wa mboga mkononi. Alifungua, akasimama mlangoni. Hakusema karibu.

"Mama Kabedi, nimekuja kuomba pardon. Bilulu ni yangu, haikutoka kwako. Na iko neno lingine. Ile mwaka, kwenye gare, minye pia..."

"Ulivaa robe ya manjano," akasema.

Akaendelea:

"Ulisimama juu ya mawe ya reli, unapiga makofi. Siku ulihamia hapa, ulicheka tu, nikaona ule mwanya wa meno. Nikakujua."

"Na ukanifundisha kukausha mboga?"

"Nilisema, huyu iko na neno ya kuniambia. Nimuweke karibu, siku moja atasema. Nilikusimulia hata kifo ya mdogo wangu, Clotilde, juu nikufungulie njia. Ukainama. Miaka sita nilikungojea pale kwenye mabati. Na siku umefungua kinywa, umeniambia nini? Ile ile."

Nilifungua mfuko, nikamnyooshea.

Kabedi alitia mkono kwenye mfuko wangu, akachukua majani kidogo, akayaweka kwenye ulimi. Alitafuna polepole, akatema pembeni.

"Hukutia chumvi," akasema.

Kisha akafunga mlango, bila kuupiga, na nilisikia komeo likiingia.