Nguvu au Kinyume

Rosendo Villarreal aliingizwa mjini mara mbili katika mechi moja, na kila mkulima wa pamba wa kwao alikuwa jukwaani akitazama.

Alikuwa beki wa kati wa timu ya shule katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kuangushana. Kazi yake ilikuwa kumsoma mfungua njia, lile jitu la timu pinzani linalotangulia kumsafishia njia mkimbiza mpira. Tatizo ni kwamba mchezo wa Nguvu na mchezo wa Kinyume huanza kama mapacha: jitu huchomoka kwenye mstari ambapo timu zinakabiliana na kukimbilia upande wa pili. Katika Nguvu, linakujia wewe. Katika Kinyume, linakwenda kumgonga mtu wa pembeni, kisha nyuma yake linatokea jitu jingine, na hilo ndilo lako. Rosendo alilifuata la kwanza. La pili likamlaza chali.

"Ukidanganyika tena, benchi," kocha alimwambia.

Jumatatu Odell Prater, mwenzake wa timu, alimjia kwa magongo. Hakukuwa na mfungua njia kama Odell mpaka goti lake lilipochanika mwezi Agosti, na vyuo vilivyokuwa vikimpigia simu vikitaka akavichezee vikanyamaza.

"Huwa unaangalia nini, we Rosendo?"

"Kichwa chake."

"Kichwa! Mimi nimewadanganya watu kwa kichwa miaka mitatu, bwana. Angalia mabega."

Akayaegemeza magongo ukutani, akasimama kwa mguu mzima. "Nikikujia wewe, lazima nikuone, kwa hiyo mabega yanakuelekea. Nikimwendea wa pembeni, nakupa ubavu, nakwenda sambamba na mstari."

"Kaa chini, utajiumiza."

"Nyamaza. Hii nini?"

"Nguvu."

"Nguvu ya bibi yako! Tena."

Wiki nzima wakawa hivyo, Odell akikunja uso kwa maumivu na kumtukana, Rosendo akikosea, kisha akikosea kidogo, kisha akipatia.

Ijumaa, mechi ikielekea ukingoni, wapinzani walihitaji hatua chache tu wapate ushindi. Mfungua njia akachomoka. Ubavu! Rosendo akamwacha apite, akajitupa kwenye pengo na kumwingia yule wa pili miguuni kabla hajajipanga. Wakaanguka wote wawili, na mkimbiza mpira akajikwaa juu yao, akaporomoka hapo hapo, ushindi ukawaponyoka wapinzani.

Wenzake walimkimbilia Rosendo, naye akamkimbilia Odell.

"Alinipa ubavu!"

"Nimeona, mjinga wewe," Odell alisema, akicheka na macho yamemlowa.

"Asante, kaka."

Jumapili mama yake Rosendo akampa sufuria ya tamale, vile vibumba vya unga wa mahindi vyenye nyama ndani, apeleke kwa kina Prater. Mama yake Odell ndiye aliyefungua mlango. Rosendo akaanza kushukuru, maneno yakimgongana.

"Ngoja kwanza, mwanangu," mama akamkatiza, akipokea sufuria. "Tangu Agosti mtoto wangu alikuwa hatoki chumbani. Wiki hii alikuwa anaamka kabla yangu. Mimi ndiye wa kushukuru. Ingia, tule."