Wazee Tisa Bila Tone la Maji

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na baba yangu mzazi, Masoud Zubeiri, mbele ya mashahidi wawili wenye akili timamu na sinia moja la mihogo ya nazi, mimi Nasri niliteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Huduma za Wazee, mwenye uwezo wa kuingia, kuuliza, kuonja na kuandika. Maneno kamili ya uteuzi yalikuwa haya: "We Nasri, umelala kwenye kochi hilo tangu shule ifungwe. Nenda Raskazone ukaangalie hicho kinyumba anachokitaka babu yako. Andika, halafu Jumamosi utusomee."

Babu Zubeiri, baba yake baba, alikuwa ametangaza kwamba anataka kuhama nyumbani kwetu Makorora akaishi katika Makao ya Wazee Liwazo. Hakufukuzwa na hakugombana na mtu. Alisema anataka kwenda, kama mtu anayesema anataka chai. Shangazi Najat aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Watu watasema tumemtupa! Mzee ana watoto wanne, akalelewe na wageni? Nitapita wapi mimi na uso huu?"

"Utapita barabarani," akasema Babu. "Kama siku zote."

Walibishana siku tatu, mpaka baba akakata shauri. Ripoti ikisema kule kuzuri, Babu aende. Ikisema kubaya, abaki, na mtu asiufungue tena mjadala ule. Babu na Shangazi wakapeana mikono.

Hivyo basi, makazi ya mtu mzima wa miaka sabini na tisa yaliwekwa mikononi mwa mtu aliyewahi kusimamishwa masomo wiki mbili kwa kumfundisha mbuzi wa mwalimu wa nidhamu kuhudhuria mstarini. Na Mkaguzi huyo, kabla hata hajavaa viatu, alikuwa ameshaamua: Babu haendi popote. Sababu zake alizificha moyoni.

Alhamisi nilifunga tai ya baba, nikachukua ubao wa kubania karatasi, nikapanda bajaji. Getini alinipokea msimamizi wa makao, Bi Leticia, mama mfupi mwenye sauti ya kiranja wa bweni.

"Wewe ni nani?"

"Mkaguzi."

"Mkaguzi wa kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mwalimu," nikajibu, mikono ikiwa tayari imejifunga nyuma yenyewe. Bweni likishakuingia halitoki.

Alicheka mpaka akashikilia geti. Nikamweleza ukweli, kwamba nimetumwa na familia ya Mzee Zubeiri. "Kagua, mwanangu," akasema. "Kagua hata uvunguni."

Nilikagua hata uvunguni. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu uvunguni kulikuwa safi. Mimi ni mtoto wa bweni, si mgeni wa malezi mabaya. Nimekula maharage ambayo wadudu wake tuliwapa majina, nimelalia godoro lililobaki foronya tupu, nimeoga kikombe kimoja cha maji nikaambiwa nishukuru. Nilikwenda Raskazone na utaalamu huo wote, lakini haukupata kazi. Mashuka yalikuwa yamefuliwa. Chooni kulikuwa na vyuma vya kushikilia ukutani ili mzee asiteleze. Dawa ziligawiwa kwa saa, na kila kidonge kilichomezwa kilitiwa alama kwenye daftari. Nilibonyeza godoro moja, likanirudishia mkono wangu kwa heshima. Kwa kweli nililionea wivu.

Saa saba mchana nikaingia jikoni nikiwa na tumaini moja la mwisho. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa, ndani tupu, jiko halijawashwa. Kando kulikuwa na sufuria ndogo tu, yenye wali na samaki wa kukaanga.

"Chakula cha wengine kiko wapi?" nikauliza.

Mhudumu mmoja alinieleza. Wazee tisa walikuwa wamefunga sita, zile siku sita za Mfunguo Mosi baada ya Idi. Sufuria kubwa ilikuwa ya futari. Sufuria ndogo ilikuwa ya wagonjwa na Wakristo.

Basi wazo likanijia, nami sikulifukuza. Sheria yangu ilikuwa moja: Mkaguzi hatasema uongo hata mmoja. Atachagua tu ukweli upi ukae kwenye karatasi na upi ubaki Raskazone.

Jumamosi baada ya alasiri, familia ilikaa sebuleni. Baba kwenye kiti chake, Shangazi kwenye mkeka, Babu kwenye kigoda karibu na mlango, fimbo magotini. Nikasimama. Nikakohoa kikohozi cha kiserikali. Nikasoma.

"Siku ya ukaguzi, saa saba mchana, wazee tisa hawakuwa wamepewa chakula wala tone la maji tangu alfajiri. Sufuria kubwa ya jikoni ilikuwa tupu na jiko lilikuwa baridi."

"Yarabi!" akasema Shangazi.

"Mhudumu wa kike alimpigia kelele ajuza wa miaka themanini na mbili, mdomo wake ukiwa shubiri moja kutoka sikioni mwa ajuza huyo."

"Huyo mhudumu ana mama kweli?"

"Mzee mmoja, jina tunalihifadhi, alionekana akitokwa na machozi ukumbini. Hakuna mhudumu aliyejishughulisha kumbembeleza. Mzee mwingine alilalamika mbele ya Mkaguzi kwamba ameporwa mali yake yote mchana kweupe, na mporaji alikaa palepale akicheka. Geti hufungwa kwa kufuli. Naomba kuwasilisha."

Shangazi alikuwa ameshavaa nusu ya baibui. "Twendeni polisi," akasema. "Twendeni sasa hivi, kabla hawajakufa!"

Baba alikuwa amekunja uso. "Baba, umesikia mwenyewe. Mambo ndiyo hayo."

Yafaa ijulikane kwamba kabla ya kustaafu, Babu alikagua marobota ya mkonge kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuamua lipi daraja la kwanza na lipi la kutupwa, na wauzaji wote wa upande huu walimwogopa.

"Mume mwenzangu," akaniita. Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa kwetu bibi ni mke wa mjukuu pia, na marehemu Bibi tulikuwa tumemwoa sote wawili. "Robota la mkonge hulikagui kwa nje. Nje mtu huweka anachotaka ukione. Unapenyeza mkono mpaka katikati. Basi niruhusu nipenyeze. Ulikwenda siku gani?"

"Siku ya kazi, Babu."

"Siku za kazi ziko tano."

"Alhamisi."

"Najat," akasema Babu bila kugeuka, "Alhamisi saa saba mchana wewe ulikula nini?"

"Mimi? Nile wapi nami nilikuwa nimefunga si..." Shangazi akanigeukia. Mkono wake ulibaki ndani ya baibui. "Nasri! Walikuwa wamefunga sita?"

"Sikusema hawakufunga," nikajibu.

"Huyo ajuza aliyepigiwa kelele," Babu akaendelea, "anaitwa nani?"

"Bi Hasina."

"Anasikia?"

"Akipigiwa kelele, anasikia."

Baba alianza kukuna kidevu. Kwa baba hiyo ni dalili mbaya.

"Na mzee aliyekuwa akilia. Mkononi alishika nini?"

Nilitazama ubao wangu. Haukunisaidia. "Kisu," nikasema.

"Kisu!" Shangazi akapiga ukelele.

"Na mkono wa pili?"

"Kitunguu," nikasema kwa sauti ndogo. "Ni Mzee Ernesti. Hataki mtu mwingine amkatie kachumbari. Anasema wapishi wa siku hizi wanakata vitunguu kama wanapasua kuni."

"Na aliyeporwa?"

"Mzee Sele. Alikuwa akicheza bao. Mwenzake alimla kete zote, akabaki mikono mitupu."

"Na kufuli?"

"Mbuzi wa jirani, Babu. Wanaingia kula mchicha."

Baba alisimama, akanichukulia ubao mikononi, akausoma tena mwenyewe kutoka juu hadi chini. "Hakuna uongo humu," akasema taratibu. "Hakuna hata neno moja la uongo. Mtoto huyu tunamlipia ada kwa nini?"

"Sasa niambie katikati ya robota kuna nini," Babu akasema.

Sikuwa na karatasi ya pili, kwa hiyo nilisema bila kusoma. Nilisema mashuka, vyuma vya chooni, daftari la dawa. Nilisema kwamba nilipaswa kuondoka saa nane, nikabaki mpaka magharibi. Adhana ilipolia, Mzee Ernesti, ambaye ni Mlutheri na alikula mchana kweupe, ndiye aliyezunguka na jagi kuwamiminia maji waliofunga. Nilisema Bi Hasina alinipa tende kwa mkono wake, nilipokataa akanitia mdomoni. Nilikula futari sahani tatu. Nilisema kwamba kule wazee hawanyamazi, wanabishana tangu asubuhi, kila mmoja ana mtani wake, na yule wa bao aliniuliza babu yangu anachezaje, kwa sababu amechoka kumshinda Mzee Sele.

"Basi kuzuri," akasema baba.

"Kuzuri," nikasema.

"Kwa nini uliandika vile?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa ajili ya hatari kama hiyo, yenye methali mbili na aya moja. Yote ilinipotea.

"Sikutaka aende," nikasema. "Shule ikifungwa, nikifika hapa na sanduku langu, ninyi mko kazini. Anayekuwapo ni yeye. Ananiuliza umefanya kituko gani muhula huu, namweleza, anacheka, halafu ndiyo najua nimefika nyumbani."

Shangazi alivua ile nusu ya baibui, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hizo ni siku ngapi kwa mwaka?" akauliza Babu.

Nikahesabu. "Kama miezi mitatu."

"Na hiyo tisa, mume mwenzangu? Tangu mke wetu afariki, naamka, nyote mmekwenda zenu, nabishana na redio. Redio haijibu."

Mwisho baba akasema, bila kumtazama mtu, kwamba Jumatatu ataazima pikapu, na Shangazi akasema yeye ndiye atakayetandika kitanda huko, asikiguse mtu mwingine.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kujivuta kuelekea mlangoni.

"Kaa," akasema Babu. "Jana Bi Leticia alinipigia simu. Ameniuliza jambo moja nikashindwa kumjibu. Wewe utanijibu."

Nikakaa. Nilijua ni jambo gani. Nikaungama kabla hajauliza, ili angalau hilo liandikwe upande wangu: kwamba Alhamisi, wakati wa kuaga, nilimwambia Bi Leticia kuwa babu yangu anakoroma kama mashine ya kuchakata mkonge, kwamba majirani watatu wamehama, na kwamba hakuna mzee atakayelala naye chumba kimoja akaamka na akili zake. Nilitaka wamkatae. Badala yake wamempa chumba cha peke yake, kile kikubwa, chenye dirisha linalotazama baharini. Na Babu hakoromi. Hajawahi kukoroma. Anayekoroma nyumba hii ni mimi.