Nguo Zisizopoa

Jumanne saa mbili asubuhi, Mwanvua alifungua gunia la nguo kuukuu mbele ya mlango wake, jirani na soko la Butembo, akaanza kufumua mishono. Kola aliziweka upande, vifungo alivitia kwenye kopo la maziwa, na uzi ulio mzima aliuzungusha kwenye kijiti. Hakutupa kitu. Majirani walisema Mwanvua akila ndizi, ganda analishonea mfuko.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake, aliyekulia zamani za nguo za magome ya mti, kabla majora ya vitambaa vya kiwandani hayajapanda milima hii. Gome lilipondwa mpaka likalainika. Likichoka kuvaliwa, linakuwa shuka; shuka ikitoboka, inabebea mtoto; na kipande cha mwisho kabisa kinafukizwa taratibu ili kibebe moto kutoka kwa jirani. Ila kila nguo ilipobadilishwa kazi, mwenyewe aliishika kwa mikono miwili akasema, "Nimemaliza." Kama amekufa, ndugu zake walimsemea siku ya mwisho ya matanga. Bila neno hilo bibi hakugusa hata uzi.

Mwanvua naye alifuata hivyo hivyo, hadi vita. Barabara zilipofungwa, sajini Henri akaanza kumletea magunia kutoka upande wa Manguredjipa. Mwanvua hakuuliza nguo zilitoka kwa nani. Sajini alikuwa na bunduki, na mwenye bunduki huwa ndiye anayeuliza.

Nguo hizo zilikuwa na joto. Si la jua. Joto la mwili, kama mtu amezivua sasa hivi akaenda kuoga. Ukizifua, zilikauka ndani ya beseni. Ukizikata kufanya suruali za watoto, kila kipande kiliondoka na joto lake. Butembo, ambako asubuhi za mwezi wa saba hata mbwa anatamani sweta, zilipendwa sana. Masista wa kituo cha afya waliagiza vitambaa sita kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kuku wa Kanyere, muuza mikate wa nyumba ya pili, aliacha mayai yake juu ya koti akaenda kutembea. Yalianguliwa bila yeye.

"Mama Kahindo," Kanyere aliuliza, "nguo zako ziko na malaria ama?"

"Wewe uko na baridi ao hauna?"

"Niko nayo."

"Basi vaa. Wacha kupima homa ya shati."

Kahindo alikuwa binti wa Mwanvua, wa miaka sita. Baba yake, Jamali, dereva, alipakia chumvi na sabuni kwenda Manguredjipa, na huu ulikuwa mwezi wa nane tangu aondoke. Kwa wanajeshi Mwanvua alijibiwa kwamba bwana yake iko mission, yaani ametumwa kazi. Shehe alisema bila ushahidi hakuna eda. Ndugu za Jamali kule Beni hawakuweza kuweka matanga ya mtu ambaye huenda angetokea mlangoni akaomba chai. Mwanvua alitaka kitu kimoja tu: kujua kama yeye ni mke au mjane, ili Jamali naye apate kuliliwa na watu wake.

Jumanne hiyo, chini kabisa ya gunia, alikuta shati la buluu. Mfuko ulikuwa umeshonewa uzi wa kijani, kwa mkono wake mwenyewe, siku uzi wa buluu ulipomwishia. Shati lilikuwa la moto, zaidi kwenye kiwiko cha kushoto, kile ambacho Jamali alikuwa anakitoa dirishani akiendesha. Mgongoni palikuwa na tundu moja.

Alilikunja, akalipeleka kwa Ésaïe, karani wa bureau, aliyeandika karatasi za vifo. Karani alilipapasa, kisha akatoa kipimajoto mezani akakitia kwapani mwa shati. Wakangoja.

"Trente-sept," alisema Ésaïe, "thelathini na saba. Mama, maiti iko na joto?"

"Hapana."

"Donc huyu ni muzima. Siwezi kuandikia mutu muzima karatasi ya kufa."

"Na hii tundu?"

"Tundu hapana kufa. Batu benye matundu banatembea hapa kila siku." Akalirudisha limekunjwa vizuri. "Mais kama kunabakia gile ao sweta ya saizi yangu, unikumbuke. Hii bureau iko na baridi."

Nyumbani Mwanvua aliliweka shati mapajani. Alijua kwa bibi yake kwamba akilisemea "Nimemaliza" kwa niaba ya Jamali, litapoa. Alifumbua mdomo. Kahindo akaja akitetemeka, akaingiza mikono yote miwili katika mkono mmoja wa shati, akanusa.

"Inanuka mazout ya gari ya baba," alisema, akasinzia hapo hapo.

Mwanvua akafumba mdomo. Kesho yake alilikata, akamshonea binti yake koti. Lile tundu alilificha chini ya mfuko.

Jumanne iliyofuata sajini Henri alirudi na gunia jipya, jasho likimtiririka. Alikuwa amevaa koti alilojichagulia mwenyewe katika magunia.

"Mama, hii koti inaniunguza. Uipoze."

"Kuko neno ya kuipoza, Afande."

"Sema basi."

"Hapana mimi. Mwenyewe njo mwenye kusema. Ao ndugu yake."

Henri alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa ufunguo umebaki wapi.

"Ndugu hakuna mwenye alibakia," alisema.

Mwanvua alitazama gunia. "Na hizi, Afande, ni za nani?"

"Za soko."

Alijifuta uso, akaondoka akiwa amelivaa koti lile lile, maana huko nje ukungu ulikuwa haujainuka. Mwanvua alifungua gunia, joto likampiga usoni. Alichukua mkasi, akatoa nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaurudisha mkasi chini. Zote zilikuwa ndogo, za watoto. Hakukuwa na cha kukata.

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi sana. Kufikia saa nne, akina mama walikuwa wamezinunua zote.