Sauti Kwenye Kiti Kitupu

Pale kinuni hakuna aliyeshuka ndani ya tangi la ngano bila kuita "na" na kuitikiwa "na".

Ngano ikipata unyevu huganda kwenye ukuta wa tangi kama ukoko wa chungu, na lazima mtu ashuke kwa kamba kuigonga mpaka imomonyoke. Chini ya tangi kuna parafujo kubwa inayoisukuma ngano kwenda kwenye malori. Parafujo ikizunguka mtu akiwa ndani, ngano humvuta miguu kama matope, na kabla hajamaliza kumwita mama yake imemfika kidevuni. Ndiyo maana aliye ndani huita kila mara, na aliyekaa kwenye kiti cha swichi hujibu kupitia bomba la chuma linalopanda hadi juu. Akijibiwa, anajua kuna mtu mzima na akili zake aliyeketi mbele ya kile kitufe.

Aliyekaa pale alikuwa mjane mmoja, mtu wa sala, aliyeanza kusoma masomo ya jioni uzeeni. Aliyeshuka alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Kwa kuwa mjane alimwita shemeji, kinu kizima kilimwita Shemeji, hata meneja, ambaye hawakuoleana naye popote. Katika ukoo ule, wanaume wote walikuwa wamekwisha. Alibaki yeye.

Neno lenyewe, "na", lilichaguliwa kwa sababu wafanyakazi walitoka nchi nyingi, na kila mmoja alikuwa nalo kwao. Wakati wa chai hawakuchoka kulizungumza.

"Kwetu 'na' ni 'juu ya'," alisema mchomeleaji. "Tena nikikupa kitu nasema 'na'. Yaani shika."

"Kwetu ni 'au siyo?'" alisema mshonaji wa magunia. "Umekula chakula changu, na?"

"Sijala."

"Umekula, na? Masharubu yako yana mafuta."

Mjane alilipeleka neno hilo darasani. Mwalimu akasema kwamba kwa Kiswahili neno hili halipendi upweke, ukilitamka watu wanangoja umtaje wa pili. Alilipenda sana jambo hilo, akaliingiza katika sala yake ya kila siku kabla Shemeji hajashuka: "Bwana, mimi na yeye, na wewe."

Kisha meneja akaleta kisanduku.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwona mjane akichelewa darasani kila Shemeji alipokawia ndani ya tangi, akamhurumia. Akamwomba aseme "na" mara moja mbele ya simu yake. Kesho yake kisanduku kilikuwa kimefungwa kwenye mdomo wa bomba, nacho kila baada ya pumzi chache kilisema "na" kwa sauti ya mjane.

"Nenda kasome, mama," alisema meneja. "Sauti yako itabaki kazini."

"Na kile kitufe, bosi? Nani atakilinda?"

"Nani atakigusa? Watu wote hapa wanajua."

Mjane alimtazama Shemeji. Shemeji akacheka. "Nenda, shemeji. Hata mimi nitapumzika. Hicho kisanduku hakitaniuliza nitaoa lini."

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Jioni iliyofuata, jua likiwa bado juu ya ukuta, mjane alifika langoni na mkoba wake, akielekea darasani. Mshonaji wa magunia alikuwa ameketi pale na sindano yake kubwa.

"Sikiliza unavyojijibu," alisema. "Umekuwa kasuku."

Mjane akasikiliza. Sauti yake ilitoka tangini, nzito kwa mwangwi wa chuma. Na. Ikanyamaza. Na. Alikuwa akitabasamu bado alipotambua kwamba katikati ya sauti yake na sauti yake hapakuwa na kitu. Hakuna aliyeita. Tena chini ya ile sauti, ardhini, kulikuwa na mngurumo alioujua.

Aliuacha mkoba palepale.

Ndani ya chumba cha swichi dereva mgeni wa lori alikuwa amesimama, mikono mfukoni. "Samahani mama, nilikukosa," alisema. "Nikaona niwashe mwenyewe, foleni ni ndefu."

Alimpita akapiga kitufe chekundu kwa kiganja. Mngurumo ukafa.

"Shemeji!" aliita ndani ya bomba.

"Na," kikajibu kisanduku.

"Shemeji, uko wapi?"

"Na."

Alikishika kwa mikono miwili akaking'oa na nyaya zake. Ndipo kimya kikaja, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

Mchomeleaji alikuja mbio bila gesi yake. "Moto hapana," alisema, "vumbi hili litatulipua sote." Wakapasua ubavu wa tangi kwa tarimbo na mikasi ya bati, kila mtu akiita kwa lafudhi yake, na, na, na, huku ngano ikimwagika hadi magotini mwao. Mjane hakuita. Alichota kwa mikono, akisali chini chini. Walipomfikia Shemeji, alikuwa amejifunika uso kwa mkono, na chini ya mkono ule palikuwa na nafasi ndogo kama kikombe. Humo alikuwa akipumua.

Aliongea siku ya pili, kitandani.

"Nilikuwa nakusikia," alisema. "Iliponifika magotini nilijiambia, shemeji yupo, atazima sasa hivi. Ikafika kiunoni, ukajibu tena. Nikaona hakuna haja ya kupiga kelele."

"Ulijua ni kisanduku."

"Nilijua. Lakini ilikuwa sauti yako."

Aliporudi kazini hakuita "na" tena. Siku hizi anauliza mambo. "Shemeji, jana umekula nini?" "Mtoto wa jirani anaitwa nani?" Mjane hujibu moja baada ya jingine na haondoki kitini mpaka Shemeji atoke. Darasani huchelewa. Wakati wa chai wanazungumza habari nyingine.

Meneja aliomba radhi, na machozi yalimtoka. Kisha akanunua tangi la pili, akaajiri watu wapya, na kisanduku kikatengenezwa upya, kikafungwa kwenye tangi hilo, kijibu pale tu kinapoitwa. Mjane alimwomba aifute sauti yake. "Imekwisha kuzoeleka, mama," alisema. "Neno moja tu."

Leo asubuhi Shemeji yuko ndani, mjane yuko kitini. Upande wa pili wa uwanja, ndani ya tangi jipya, mtu asiyemjua, kwa lafudhi ambayo hajawahi kuisikia, ameita, "Na." Sauti ya mjane imemjibu kutoka kisandukuni, changamfu, bila haraka. Lori linarudi nyuma kuelekea tangi lile.

Amenyanyuka nusu, akaketi tena.

"Mbona kimya, shemeji?" sauti ya Shemeji imeshuka kwenye bomba. "Nimekuuliza leo siku gani."

"Alhamisi," amejibu. Kisha amemgeukia mshonaji wa magunia dirishani. "Dada, kimbia. Kakae kwenye kile kiti cha tangi jipya. Usiulize."

Mshonaji ametupa sindano, anakimbia. Mjane ameweka mkono juu ya kitufe, akawaombea wote wawili, aliye wake na yule mgeni. Sasa anasikiliza, katikati ya sauti yake na sauti yake, kama bado kuna mtu.