Biri ya Honduras

Shangazi Eduvigis ana miaka themanini, na vidole vyake vimevimba hata kikombe cha kahawa hukishika kwa mikono miwili. Zamani kiwandani alikuwa akisokota biri mia kwa siku. Safari hii kumi tu zilimchukua siku tatu, mezani pale jikoni kwake Pinar del Río, Kuba, na kila moja aliimalizia kichwani kwa kimkia kilichopindwa kushoto. Babu, baba yake, alimchapa sana utotoni aache mkono wa kushoto. Hakuacha.

"Barua usimpelekee," aliniambia. "Barua ataichana. Mpe hizi. Akiona kimkia atajua ni mimi. Nataka neno moja tu kwa kaka yangu kabla sijafa. Hata tusi, mwanangu. Tusi nalo ni neno."

Nilimwahidi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima mpaka mpini umekwisha.

Baba aliondoka Kuba mwaka sitini na moja. Shangazi alikataa kupanda ndege amwache mama yao mgonjwa, kisha akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha serikali. Siku hiyo Baba akatangaza hana dada. Tangu hapo hakuna kitu cha Kuba kilichovuka kizingiti chetu hapa Hialeah, kando ya Miami. Kila Jumamosi asubuhi Baba hupiga simu redioni kutetea vikwazo dhidi ya Kuba: kuileta biri ya Kuba ni kosa, kuinunua ni kosa, na anayeivuta anampa askari jela wa kule mshahara. Wengine wana timu yao ya mpira. Baba yangu ana vikwazo, na anavishangilia vivyo hivyo.

Uwanja wa ndege Miami nilimpata ofisa wa forodha kijana mnene, jina lake Ferreiro kwenye kibao kifuani. Alifungua sanduku langu, akalikuta boksi, akalinusa kabla ya kulisoma.

"Dada, hizi za wapi?"

"Za shangazi yangu."

"Sikuuliza za nani."

"Za Kuba basi. Kwani pua yako haikukwambia?"

Akatabasamu kidogo. "Ungekuja miaka ile walipolegeza sheria, ungepita nazo. Sasa wamekaza tena. Hata moja haipiti."

"Namletea baba yangu, mzee wa miaka themanini na mbili. Haziendi dukani."

"Najua, dada. Kila mtu anamletea mzee."

"Mtazifanyia nini?"

"Zinaharibiwa."

"Mkizichoma, asimame mtu karibu avute pumzi. Isiwe hasara tupu."

Alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka, akanipa karatasi nitie saini. Tisa zikaenda. Ya kumi ilikuwa kichwani kwangu. Nina miaka thelathini na tano katika saluni; nikishindwa kuficha biri moja ndani ya kifundo cha nywele, heri nifunge duka.

Nyumbani niliivisha pete ya karatasi niliyoibandua kwenye biri ya Honduras, zile za duka la kona ambazo Baba huvuta na kuzilaani. Nilikuwa na hesabu yangu: bila pete ile asingeigusa. Akishaigusa, kimkia kitasema chenyewe.

Jumapili baada ya chakula nikampelekea barazani pamoja na kahawa yake.

"Ya wapi hii?"

"Honduras, Baba."

Akaisoma pete. Kisha akaigeuza, akakiona kichwa. Kidole gumba chake kikasimama juu ya kile kimkia, kikakaa pale. Hakukata kwa kisu. Alikitafuna kimkia kwa meno kama Babu alivyokuwa akifanya, akawasha, akavuta, akafumba macho. Machozi yakashuka. Hakuyafuta.

Alivuta hadi katikati.

"Honduras wamejifunza kusokota siku hizi," akasema hatimaye.

"Wamejifunza, Baba."

"Aliyesokota hii ni mwanamke."

"Ndiyo."

"Mtu mzima."

"Miaka themanini."

Akavuta tena. "Huyo mwanamke wa Honduras, kifua chake kikoje? Wenye kazi hii kifua huwasumbua."

"Anakohoa asubuhi. Vidole ndivyo vinamtesa."

"Ana mtu wa kumkorogea kahawa?"

"Hana. Mumewe alikufa."

"Mm," akasema. Majivu yakamwangukia suruali, akayaacha.

Nikaona mlango umefunguka. Nikatoa simu, nikaitafuta namba, nikamwekea gotini. "Baba, anataka neno moja tu. Hata tusi. Yuko hai leo. Ongea naye."

Aliitazama simu. Halafu akaigeuza kifudifudi, taratibu, kama anavyogeuza kete za domino akishindwa.

"Mimi sina mtu Honduras," akasema.

Na akaendelea kuvuta! Hapo ndipo nilipomchukia. Angeizima ningemwelewa, mtu ana msimamo wake. Lakini aliivuta biri ya dada yake mpaka ikamuunguza kucha, na dada mwenyewe akamkana. Pete aliivua mapema ili isiungue, akaitia mfuko wa shati.

Jioni simu ikaita. Shangazi hungoja wiki nzima kupata mtandao, na huongea haraka haraka kabla haujakatika.

"Amezipata? Amekiona kimkia? Amesemaje?"

Tangu mchana nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Nikaghairi. Nitamwambia nini mwanamke yule? Kwamba kaka yake alimtambua, akamlilia, akamuulizia kifua, halafu akakataa kumpa hata tusi?

"Hakuzipata, Shangazi. Forodha wamezichukua zote. Sheria."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia anashusha pumzi, na sauti yake ikarudi nyepesi, yenye kukaribia furaha.

"Kumbe ni sheria! Asante Mungu. Mimi hapa silali, nadhani ni yeye amekataa."

"Siyo yeye, Shangazi."

"Basi usijali, mwanangu. Majani bado ninayo. Kesho naanza kusokota nyingine."